Kabla Mtoto Hajaugua: Habari ya Nyavu za Madirisha Yetu



Juma hili tunazungumza juu ya dirisha. Mtu anapojenga kwetu huanza na ukuta, akahangaika na mabati, akatafuta mlango wenye kufuli kwa sababu ya wezi. Dirisha linakuja mwisho, wakati pesa imekwisha. Basi linaachwa wazi, au linapigiliwa mbao, au linazibwa kwa gunia, katoni, kipande cha kitenge kilichochakaa. Ukiuliza, unajibiwa: tutamalizia. Hiyo "tutamalizia" inaweza kumkuta mtoto tumboni na kumwacha shuleni.

Katika chama chetu tumetumia miezi ya mvua kuzunguka nyumba zetu wenyewe, kuziba na kushona nyavu za madirisha. Tumeona iwafae na wengine tukieleza tulivyofanya, na ubishi uliotokea katikati yetu, maana ubishi huo utawafikia na ninyi siku mtakapoanza.

Tuanze na sababu. Mbu anayeleta malaria huuma hasa usiku, tangu giza linapoingia hadi alfajiri. Hilo tunalijua sote, tumelisikia kwenye CPN na kwa ma-RECO wanaopita nyumba kwa nyumba. Lakini angalia usiku wa mama mwenye chumba kimoja. Mabati yamekunywa jua mchana kutwa. Akifunga ubao wa dirisha, chumba kinakuwa tanuri. Watoto wanatoka jasho, wanaipiga teke chandarua, au mustikeri kama tunavyoiita hapa, na asubuhi unawakuta wamelala nje yake. Akifungua ubao apate upepo wa ziwa, mbu nao wanaingia na upepo. Dirisha lisilo na wavu linamlazimisha mama achague kati ya hewa na usalama, na kila usiku achague tena. Wavu unaondoa uchaguzi huo. Mustikeri ya kitandani yenyewe inafanya kazi vizuri zaidi katika chumba chenye hewa, kwa kuwa mtoto anakubali kulala ndani yake.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Watu wengi hawakusadiki. Mwaka 1900 madaktari wawili, Louis Sambon na George Low, wakaenda kukaa karibu na mji wa Roma, Italia, mahali palipojulikana kwa homa kali. Walijenga kibanda cha mbao, wakaweka wavu wa waya kwenye madirisha na milango, na kila siku kabla jua halijazama walikuwa wamekwisha kuingia ndani. Walikaa hivyo majira yote ya homa, toka katikati ya mwaka hadi mwezi wa kumi. Majirani waliugua, wao hawakuugua. Mama mmoja aliposikia habari hii mkutanoni alicheka, akasema hao hawakuwa na bugali wa kusonga nje jua likizama. Ni kweli, na tutarudia neno lake. Lakini wavu ni wavu, Roma au Baraka.

Sasa tuje kwenye ubishi. Kila mwanamke aliye katika MUSO anavijua visanduku vyetu: cha kijani ni cha mikopo, chekundu ni cha shida. Pesa inayoingia katika chekundu hairudi. Inatoka kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa nyumba iliyoungua. Mmoja wetu aliuliza swali: kisanduku chekundu kinatoa pesa ya hospitali mtoto akiugua malaria. Kwa nini kisitoe pesa ya misumari na wavu kabla hajaugua?

Mama mwenye kushika funguo alikataa. Alisema shida ni jambo lililofika, si jambo tunalodhani litafika. Tukianza kutoa pesa ya kuzuia, kila mtu ana kitu cha kuzuia: huyu paa, huyu choo, huyu kisima. Siku ya msiba tutafungua na kukuta sauti ya chuma tu. Hakusema kwa ubaya. Ndiye aliyewahi kusimama mbele ya mama aliyefiwa akiwa na pesa kamili ya jeneza mkononi, na anajua thamani ya kisanduku kisichokuwa kitupu.

Upande wa pili wakaomba daftari. Tukalifungua, tukasoma kurasa za miezi ya mvua iliyopita. Ukurasa baada ya ukurasa sababu ilikuwa ile ile: homa ya mtoto, homa ya mtoto, damu kupungukia mtoto, homa ya mama mjamzito. Kukawa kimya. Pesa tuliyokuwa tunailinda isitoke ilikuwa inatoka kila juma, kidogo kidogo, kupitia madirisha.

Hatukukata neno siku hiyo. Tulikubaliana kwanza twende tukaone nyumba zenyewe.

Tulienda mchana, watu wanne wanne, na tulianza na nyumba za viongozi wa chama ili asiwepo wa kuona haya. Tuliona nyavu za kila namna: waya wa chuma ulioliwa na kutu, wavu wa plastiki uliopasuka kwenye pembe, pazia la lesi, kipande cha mustikeri kilichofungwa kwa kamba ya gunia. Kupima ubovu tulitumia njia ambayo watu wa afya wanaitumia kwa mustikeri za kitandani: tundu dogo kuliko gumba, tundu la ngumi, tundu la kichwa. Kwa mustikeri yenye dawa, tundu dogo halimwokoi mbu sana, kwa sababu anapotua kutafuta njia anagusa dawa. Lakini waya wa dirishani hauna dawa. Pale tundu linalopitisha kijiti cha kiberiti linampitisha na mbu. Ndiyo sababu wavu wa dirisha unadai ushonwe mapema, tundu likiwa dogo.

Nyumba moja ilitusimamisha. Madirisha yote mawili yalikuwa na waya mzima, mlango una pazia zito, na bado mama wa pale alisema mbu ni wengi. Tukafunga mlango na mbao za madirisha, mchana kweupe, tukasimama ndani gizani tukiangalia juu. Kati ya ukuta na mabati, kuzunguka nyumba nzima, kulikuwa na mstari wa mwanga. Pale unapoingia mwanga mchana, ndipo anapoingia mbu usiku. Mbu wengi wa malaria hufuata harufu na pumzi ya watu waliolala; pumzi hiyo inapanda juu na kutoka chini ya paa, nao wanaingia kwa njia ile ile.

Jambo hili limepimwa. Nchini Gambia, mwaka 2006 na 2007, watafiti waligawa nyumba 500 katika mafungu. Fungu moja waliliwekea nyavu milangoni na madirishani na kuziba mwanya wa chini ya paa. La pili wakalitandikia wavu juu kama dari, basi. La tatu liliachwa kama lilivyo. Kisha waliwapima watoto damu. Katika nyumba zilizoachwa, watoto 19 kati ya 100 walikuwa wamepungukiwa damu. Katika mafungu yale mawili mengine walikuwa 12 kati ya 100. Angalieni fungu la pili: dari ya wavu peke yake iliwasaidia watoto sawasawa na kazi yote ya milango na madirisha. Kwetu hii ni habari njema, kwa maana mwanya wa chini ya paa unazibwa kwa kitu ambacho Fizi hakikosekani, nacho ni udongo.

Kazi ya udongo tuliifanya hivi. Udongo wa mfinyanzi, tukauchanganya na nyasi kavu zilizokatwakatwa fupi ili usipasuke, tukauacha ulale usiku mmoja. Kesho yake tukaweka vipande vya matofali mabovu kwenye mwanya, kisha udongo juu yake, ndani na nje. Pale mbao za paa zinapopita, ambapo udongo hubanduka, tulisukuma vitambaa vilivyochovywa katika udongo ule ule. Onyo moja: ukipika ndani ya nyumba hiyo, usizibe kabla hujapata mahali pengine pa mbabula au mafiga. Moshi unatoka kwa mwanya huo huo, na moshi uliofungiwa ndani unaua kifua cha mtoto, na mkaa uliofungiwa ndani unaweza kuua nyumba nzima usiku mmoja. Pia ukiziba juu, usizibe madirisha, yape wavu. Madirisha mawili yanayotazamana yanapitisha upepo kuliko moja kubwa.

Sasa wavu wenyewe. Waya mpya wa dukani ni mzuri kwa mwenye uwezo, na mkinunua pamoja mzingo mzima bei inapungua kuliko kila mmoja kununua kwa mita. Ila kwa wengi wetu wavu unatoka katika mustikeri kuukuu. Hapa tunaomba wamama mtusikilize vizuri. Mustikeri inayotoka CPN, au ile ya kugawiwa kijiji kizima, ni ya kitanda. Ikiwa bado inafaa, hata kama imeshonwa mahali pengi, ibaki kitandani. Dirisha linapata tu ile ambayo kitanda kimekwisha kuiacha kwa sababu kimepata mpya. Kuondoa mtoto katika mustikeri ili uipambe nyumba ni kuvua shati kwa ajili ya kununua kofia.

Na tusijifiche. Wote tunakaa kando ya ziwa, tunajua mustikeri nyingine zinakwenda wapi. Zinaunganishwa zikavutwa pwani kwa ndagala. Njaa ina sababu zake na hatumhukumu mtu. Lakini wavu wenye matundu madogo namna ile unabeba hata vifaranga vya samaki ambavyo vingekua, na dawa iliyomo ni sumu kwa samaki. Kwa sababu hiyo hiyo, mustikeri ikifuliwa, ifuliwe katika beseni, na maji yamwagwe mbali na ziwa, mto na kisima. Kuukuu isichomwe, kwa kuwa moshi wake ni mbaya. Ifanyeni dirisha.

Tulivyoshona ni hivi. Kwanza wavu ufuliwe na kukauka kivulini. Kata sehemu iliyo nzima, iwe kubwa kuliko dirisha kwa upana wa mkono kila upande. Kunja ukingo mara mbili, kwa sababu msumari ukipita katika kitambaa kimoja unakipasua upepo wa kwanza ukivuma. Fanya fremu ya mbao nyembamba inayoingia katika dirisha. Nyosha wavu juu yake kuanzia katikati ya kila upande ukielekea pembeni, usianze na pembe, la sivyo utapata mikunjo. Kila msumari tuliupitisha kwanza katika kifuniko cha chupa ya soda kilichopondwa bapa, ili kichwa cha msumari kisitoboe. Watoto walituokotea vifuniko sokoni na hawakudai kitu ila kuhesabiwa. Kando ya fremu tulizungusha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli iliyokufa. Vinaziba nafasi iliyobaki kati ya mbao na ukuta usionyooka, na kuta zetu zilizonyooka ni chache.

Kwa kuziba matundu, kiraka kiwe kikubwa kuliko tundu kwa vidole viwili kila upande. Wavu wa nguo hushonwa kwa uzi wa nyavu. Mabaki ya uzi hayakosekani kwa wavuvi, na mzee mmoja wa mtumbwi alitufundisha fundo lisilofunguka. Waya wa chuma hauhitaji uzi: kata kiraka katika waya mwingine, chomoa nyuzi mbili tatu kila upande ili zibaki ncha kama meno ya kitana, zikunje, zipitishe katika wavu, kisha zikunje tena upande wa pili. Tundu dogo kabisa linafungwa kwa kusogeza nyuzi na sindano.

Katika nyumba moja mama mwenye umri mkubwa alitutazama tukifanya, akatuambia tusimpigilie yeye kitu. Alikwisha kuacha nyumba mbili. Wengi wetu tuliokimbilia Kigoma miaka ya 1996 na 1998, tukakaa Nyarugusu au Lugufu, tukarudi kwa meli kuanzia 2005, tulijua anasema nini. Na wapo ambao wamekimbia tena baada ya hapo, na jirani zetu wa Burundi walioko Lusenda nao wana hesabu yao. Kupigilia msumari katika dirisha ni kusema utakuwapo mwakani. Bibi huyo hakuwa tayari kusema hivyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na haki ya kumwambia aseme.

Tulikaa naye, tukatafuta njia. Fremu yake haikupigiliwa ukutani. Ilishikwa kwa vigingi vinne vidogo vya mti vinavyozungushwa kwa kidole. Akitaka anaitoa, anaikung'uta vumbi, anairudisha. Akihama, anaibeba mgongoni kama mkeka. Tumeona fremu ya namna hii inawafaa pia wapangaji, maana mwenye nyumba akikutoa hakutoi na wavu wako, na inawafaa walio chini ya maturubai: upande mmoja wa turubai unakunjwa juu na fremu inafungwa kwa kamba mahali pake. Siku hizi katika chama tunatengeneza karibu zote za vigingi, hata kwa wenye nyumba zao.

Tuliporudi mkutanoni swali la visanduku lilikuwa linatungoja. Tuliamua hivi. Waya na misumari vinanunuliwa pamoja kwa mkopo wa kisanduku cha kijani, bila faida, mtu akilipa kidogo kidogo kila juma pamoja na mchango wake. Kazi ni salongo: Jumamosi mbili kwa mwezi, nyumba mbili kila Jumamosi, tukianza na wenye mimba na wenye watoto walio chini ya miaka 5. Kisanduku chekundu kinabaki cha shida iliyofika, isipokuwa kwa mjane au mjamzito asiyeweza kulipa hata kidogo. Huyo chama kizima kinapiga kura, na kura inaandikwa. Mama wa funguo aliinua mkono pamoja nasi, lakini alisema wazi kwamba bado ana mashaka, na kwamba ataangalia daftari msimu wa mvua ukiisha. Tunamshukuru. Chama kisicho na mtu wa kuangalia daftari hakifiki mwaka wa pili.

Tusiahidiane yasiyokuwapo. Wavu wa dirisha haumlindi mtu aliye nje. Yule mama aliyecheka habari za Roma alisema ukweli: saa ya kusonga bugali na kuchambua ndagala ndiyo saa mbu wanaanza kazi. Tulichoweza ni kuvuta chakula cha jioni mapema kidogo, na kuwaingiza wadogo ndani giza linapokaribia, mkubwa mmoja akikaa nao. Wala wavu si dawa. Mtoto akipata joto la mwili, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Asipewe vidonge vilivyobaki vya ndugu yake. Akishtuka degedege, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipauka viganja, hiyo ni mbio ya hospitali, usiku au mchana. Mwenye mimba asiruke CPN, kwa maana pale anapata mustikeri na vidonge vya kuzuia malaria.

Kazi ya wavu haimaliziki mara moja. Panya anakata, mtoto anasukuma kidole aone kitatokea wapi, upepo wa ziwa unalegeza pembe. Kwa hiyo kila Jumamosi, kabla ya kufua, mama au binti mkubwa apitishe kiganja juu ya wavu wote, kisha afunge mlango na kuangalia juu penye mwanga. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye sindano na uzi karibu. Sindano yetu imechomekwa katika kipande cha mpira juu ya fremu yenyewe, ili asiwepo wa kusema ameitafuta akaikosa.

Wamama wa vikundi vingine mnaotaka kuona fremu ya vigingi, njoni siku ya salongo mkiwa na kipimo cha dirisha lenu. Kamba yenye mafundo mawili yatosha: moja kwa upana, moja kwa urefu.